NGURUWE ASICHINJWE GIZANI

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 tuliambiwa, nasi tukakubali, kwamba maadui zetu wakubwa ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Maneno hayo yametamkwa mara nyingi mno tangu siku zile, hata wengine wetu tumeyazoea kama mtu azoeavyo mlio wa saa ya ukutani: anausikia lakini hausikilizi. Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo moja ambalo ndani yake maadui wote watatu wameketi pamoja na kula sahani moja. Jambo lenyewe ni minyoo ya nguruwe katika jiji la Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru.

Tunajua kwamba wapo watakaoguna. Watauliza, je, gazeti limekosa mambo ya kuandika hata liandike habari za zizi la nguruwe? Wengine watasema kwamba wao hawali nyama hiyo, na kwa hiyo neno hili haliwahusu. Tunawaomba wote wawili wavumilie wasome mpaka mwisho. Yule wa kwanza ataona kwamba zizi la nguruwe lina siasa yake, na yule wa pili ataona kwamba neno hili linamhusu sana, tena pengine kuliko anavyodhani.

Kwanza tumtendee haki mfugaji. Katika sehemu za Meru na Arumeru ardhi imebana. Familia nyingi zinaishi juu ya kishamba kidogo chenye migomba, kahawa na mboga, na pa kulishia ng'ombe wengi hapapo. Nguruwe ni mnyama wa mtu mwenye nafasi ndogo. Hataki malisho mapana, anakula pumba na mabaki, anazaa watoto wengi kwa mara moja, na hukua upesi. Akiuzwa, mtoto hupata ada ya shule, nyumba hupata bati, na mgonjwa hupata nauli ya kwenda hospitali. Mjini nako nyama yake, ambayo watu wa mitaani wameibandika jina la kitimoto, imewapa kazi wachinjaji, wachuuzi, wapishi na wahudumu. Kwa hiyo hatuandiki ili kumfedhehesha mfugaji wa nguruwe, wala hatutaki biashara hii ife. Tunaandika kwa sababu tunataka ikae vizuri.

Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa H. E. Nonga na N. Paulo juu ya minyoo na vijidudu vya tumboni katika nguruwe waliochinjwa kwenye machinjio madogo ya Sanawari, mjini Arusha. Wataalamu hao hawakwenda mbali porini kutafuta ugonjwa. Waliutafuta pale pale mjini, katika wanyama waliokuwa wakipelekwa sokoni siku ile ile, nao wakaukuta. Hilo ndilo fundisho la Sanawari: minyoo ya nguruwe si habari ya kijiji cha mbali kisicho na barabara. Inaingia mjini kila siku kwa pikipiki na kwa gari.

Ili tuelewane vizuri, yafaa tutenganishe minyoo ya namna mbili, maana watu wengi huichanganya, na mwenye kuichanganya hujikinga na mmoja akauacha mlango wazi kwa mwingine.

Wa kwanza ni mnyoo mrefu wa mviringo, ambao wazee waliuita mchango. Huu unakaa ndani ya utumbo wa nguruwe, na jike lake hufikia urefu wa sentimeta 20 hadi 40. Jike moja hutaga mayai kwa malaki kila siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi, hukaa katika sakafu ya zizi au katika udongo, na huweza kubaki hai kwa miaka. Nguruwe akiyameza, viluwiluwi huanguliwa tumboni, hupenya mpaka kwenye ini, kisha kwenye mapafu, halafu hurudi utumboni kukomaa. Mabaka meupe ambayo mchinjaji huyaona kwenye maini ya nguruwe ndiyo alama ya safari hiyo.

Hasara ya kwanza ni ya mfugaji mwenyewe. Anamlisha nguruwe pumba aliyoinunua kwa fedha, sehemu ya faida inaliwa na minyoo, naye anabaki kushangaa kwa nini mnyama wake ana tumbo kubwa na mgongo mwembamba. Hasara ya pili ni yetu sote. Mnyoo huo wa nguruwe huweza kumwingia mtu. Huko Denmark, nchi yenye nguruwe wengi na utaalamu mwingi, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba watu walioonekana na minyoo ya mviringo walikuwa wameipata kutoka kwa nguruwe. Ikiwa hayo yametokea katika nchi ya namna hiyo, sisi tuna sababu gani ya kujidanganya?

Tena njia ya mayai hayo si nyama. Mtu hapati mnyoo wa mviringo kwa kula nyama ya nguruwe. Anaupata kwa mikono michafu, kwa maji machafu, na kwa mboga iliyokuzwa kwa samadi mbichi kisha ikaliwa bila kuoshwa vema au bila kupikwa. Arusha ni mji wa mboga. Katika masoko ya Kilombero, Tengeru na Ngaramtoni mtu hupata kila aina ya majani na matunda ya bustani. Samadi ya nguruwe ni mbolea njema, na sisi hatumwambii mkulima aitupe. Twamwambia aiache ioze kwanza. Samadi ikirundikwa pamoja na majani, ikafunikwa na kugeuzwa mpaka joto la ndani likafika nyuzi 55 na kuzidi kwa siku kadhaa, mayai hufa. Samadi iliyotolewa zizini asubuhi ikamwagwa kwenye mchicha jioni ni mbegu ya minyoo iliyopandwa katika chakula cha mtoto.

Mnyoo wa pili ni tegu wa nguruwe, naye ni mbaya zaidi. Ajabu yake ni kwamba tegu mzima hakai katika nguruwe. Anakaa katika utumbo wa mtu, akiwa na urefu wa mita kadhaa, na anaweza kukaa humo kwa miaka bila mwenyewe kujua. Vipande vya mwili wake, vilivyojaa maelfu ya mayai, hutoka pamoja na haja kubwa. Mahali ambapo watu hujisaidia vichakani na nguruwe huzurura, nguruwe hula kinyesi hicho. Mayai huanguliwa, viluwiluwi huingia katika nyama yake na kujifunga katika vivimbe vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu mpya huota tumboni mwake, na mzunguko huanza tena.

Kama mambo yangeishia hapo tungesema kwamba ni shauri la mlaji na tumbo lake. Lakini hayaishii hapo. Mtu mwenye tegu tumboni asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, mayai ya tegu hubaki vidoleni. Akishika chakula, mayai huingia katika chakula hicho, na yeyote atakayekila huyameza. Ndani ya mwili wa mtu mayai hayo hufanya kama yafanyavyo ndani ya nguruwe: viluwiluwi hutawanyika na kujifunga katika nyama, katika macho, na hata katika ubongo. Vikishaingia katika ubongo huweza kuleta maumivu makali ya kichwa, upofu, kifafa na hata kifo.

Basi msomaji wetu asiyekula nyama ya nguruwe, awe ndugu Mwislamu, awe Msabato, au awe mtu aliyeamua tu kutokula, na ayapime maneno haya. Kifafa cha tegu hakitoki katika sahani ya kitimoto. Kinatoka katika mkono wa mtu. Mpishi mwenye tegu anaweza kumlisha mayai yake mtu ambaye maisha yake yote hajagusa nyama hiyo, kwa njia ya kachumbari, kwa njia ya tunda lililomenywa, au kwa njia ya kikombe cha maji. Haya si mawazo tu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitoa taarifa juu ya Wayahudi wa dini kali mjini New York, watu ambao sheria ya dini yao inawakataza nguruwe kabisa, lakini waliopatwa na viluwiluwi vya tegu katika ubongo. Uchunguzi ulielekeza kwa watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi ambako tegu ameenea. Hapakuwa na nguruwe katika nyumba zile. Palikuwa na tegu katika tumbo la mtu, na mikono isiyooshwa.

Wala tusidhani kwamba New York ni mbali na sisi hatuna yetu. Hapa karibu, katika Wilaya ya Mbulu, ambayo mpaka mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha kabla ya kuundwa Mkoa wa Manyara, Dakta Helena Ngowi na wenzake waliwachunguza nguruwe 770 katika vijiji kadhaa na kutoa taarifa mwaka 2004. Kwa kuangalia ulimi peke yake walikuta vivimbe katika nguruwe zaidi ya 17 kwa kila 100. Na ulimi hausemi yote, kwa sababu mnyama mwenye vivimbe vichache huweza kuwa na ulimi safi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Dakta Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa kifafa, na taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha dalili za viluwiluwi vya tegu kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila sita.

Kwa nchi nzima, wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2012 peke yake watu 17,853 walipata kifafa kilichotokana na tegu huyu, na watu 212 walikufa kwa ajili yake. Makadirio hayo yana upana wake, lakini hata tukichukua kima cha chini bado ni maelfu ya watu. Fedha zilizotumika kwa ajili ya wagonjwa zilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 5, na hasara katika nguruwe ikawa karibu dola milioni 3. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba katika sehemu ambako tegu huyu ameota mizizi, ndiye asababishaye takriban asilimia 30 ya kifafa.

Tufikiri maana ya kifafa katika kijiji chetu. Mtoto aangukaye shuleni huachishwa masomo. Kijana aangukaye hapewi kazi ya jiko wala ya mashine. Msichana aangukaye haposwi. Jirani huogopa kumgusa aliyeanguka akidhani povu la kinywani litamwambukiza, na akianguka motoni hubaki na kovu la maisha. Jamaa huuza mbuzi na kumwendea mganga kuuliza ni nani aliyeroga. Wakati huo aliyeroga hayupo. Yupo tegu, lipo shimo la choo ambalo halikuchimbwa, na ipo nyama iliyouzwa bila kukaguliwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Sheria zipo. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 iliyounda Bodi ya Nyama. Kanuni ni kwamba mnyama achinjwe mahali panaporuhusiwa na nyama yake ikaguliwe. Lakini kila mtu ajuaye mambo ya mitaani anajua kwamba nguruwe wengi huchinjwa nyuma ya nyumba, alfajiri au usiku, na nyama hufika jikoni bila kuonwa na jicho la mkaguzi. Kwa nini?

Jibu rahisi ni kusema kwamba wafugaji na wachinjaji ni watu wabaya. Sisi hatulikubali jibu hilo. Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja amemlea nguruwe kwa miezi minane au zaidi, akimlisha kwa pumba ya kununua. Fedha ya mnyama huyo imekwisha pangwa: ni ada ya mtoto. Anampeleka machinjioni kama sheria itakavyo. Mkaguzi anapasua nyama, anaona punje nyeupe, na kwa haki kabisa anaamuru nyama itupwe na kuzikwa. Mama anarudi nyumbani na kamba mkononi. Hakuna amlipaye hata senti moja. Jirani yake aliyemuuza nguruwe wake usiku kwa mchuuzi amepata fedha yake yote, au amepunguziwa kidogo tu kwa sababu mchuuzi aliona ulimi. Je, mwaka unaofuata mama huyu atampeleka mnyama wake kwa mkaguzi?

Basi tuseme ukweli ulivyo. Mpango unaomwadhibu mtu mwaminifu na kumwachia mwenye kuficha hauwezi kuleta uaminifu. Sisi wote tunafaidika nyama mbovu inapotupwa: mlaji anafaidika, mwenye duka anafaidika, mtoto asiyepata kifafa anafaidika. Lakini gharama yote tumeitwika kichwani mwa mtu mmoja, tena aliye maskini kuliko wote katika safu hiyo. Hiyo si haki, na kwa kuwa si haki, haifanyi kazi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na twayatoa mbele ya halmashauri, vyama vya ushirika na wenye biashara hii ili yajadiliwe.

La kwanza, uanzishwe mfuko wa fidia. Kila nguruwe achinjwaye kwa halali alipiwe kiasi kidogo katika mfuko huo, na mzigo ugawanywe kati ya mwenye mnyama, mchinjaji na mwenye duka la nyama. Mfugaji ambaye nyama yake imetupwa kwa amri ya mkaguzi alipwe sehemu ya thamani yake, kwa sharti kwamba ana choo, amemfungia mnyama wake zizini, na amemleta mwenyewe kwa hiari. Watu wetu wanajua kusaidiana katika msiba na katika arusi. Hawashindwi kusaidiana katika jambo hili. Fidia isiyo kubwa kupita kiasi haitamfanya mtu azembee, bali itamtoa gizani.

La pili, ukaguzi umfuate mchinjaji. Kama biashara inaanza alfajiri, mkaguzi naye awepo alfajiri. Haifai kumlaumu mtu kwa kukwepa mlango uliofungwa. Chuo cha mifugo kipo Tengeru, mlangoni petu kabisa. Vijana wanaosoma kazi hiyo wapo, na halmashauri zinaweza kuwapa kazi mahali wanapohitajiwa. Machinjio nayo yawe na sakafu ngumu, maji ya bomba, mfereji wa taka na shimo la kuzikia, maana mkaguzi hodari katika machinjio ya matope ni sawa na askari aliyepewa bunduki isiyo na risasi.

La tatu, nguruwe atibiwe kabla hajafika machinjioni. Dawa iitwayo oksifendazole, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huviua vivimbe vya tegu vilivyo katika nyama ya nguruwe, tena huondoa na minyoo mingine ya tumboni. Lakini baada ya dawa hiyo mnyama asichinjwe mpaka muda aliopanga mtaalamu upite. Kwa hiyo mfugaji asiinunue na kuitumia kwa kubahatisha, bali amwite afisa mifugo. Vikundi vya wafugaji vikijipanga kumwita afisa kwa siku moja na kuwatibu wanyama wa kijiji kizima, gharama kwa kila mmoja hupungua.

La nne, na hili ndilo mama wa yote, watu wafundishwe. Wapo wasemao kwamba mafunzo ni maneno matupu. Mbulu imewajibu. Dakta Ngowi na wenzake walitoa mafunzo katika vijiji vya wilaya hiyo juu ya tegu na jinsi anavyoenea, kisha wakalinganisha na vijiji ambavyo havikufundishwa. Maambukizi mapya katika nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43. Kwa upande wa vyoo mabadiliko hayakuwa makubwa, na hilo linatufundisha kwamba choo kinataka zaidi ya maneno: kinataka jembe, miti, saruji na usimamizi.

Nasi tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Mwaka 2017 Serikali ilianzisha kampeni ya Nyumba ni Choo. Mwenye kumbukumbu nzuri anaona kwamba hatukukosa mwanzo mwema. Tunachokikosa ni kuendelea. Tegu hachoki, wala hangojei kampeni nyingine.

Baada ya kuyasema hayo yapasayo kufanywa na vyombo vya umma, hatuna budi kusema pia yale ambayo kila mmoja anaweza kuyaanza kesho asubuhi bila kungoja mtu.

Mfugaji amfungie nguruwe wake, asimwache azurure. Lakini asidhani kwamba zizi peke yake linatosha. Zizi humkinga nguruwe na tegu kama hakuna kinyesi cha mtu kinachoingia humo, lakini zizi chafu ni kiwanda cha minyoo ya mviringo. Habari njema ni kwamba yai la mnyoo huo likitoka tu haliwezi kuambukiza. Linahitaji majuma kadhaa ya kukomaa katika udongo au katika uchafu. Kwa hiyo mfugaji anayeondoa kinyesi kila siku na kukipeleka kwenye rundo la kuozesha anamtangulia adui kabla hajawa tayari. Dawa nyingi za kuulia vijidudu haziyadhuru mayai hayo, bali maji ya moto sana huyaua. Mama nguruwe apewe dawa ya minyoo kabla ya kuzaa, ili asiwarithishe watoto wake ugonjwa.

Mwenye duka la nyama akatae nyama isiyo na muhuri, hata ikiwa ya bei rahisi. Mpishi aipike nyama mpaka ndani isibaki nyekundu wala isitoe majimaji ya rangi ya damu, na asiikatie kachumbari juu ya ubao ule ule aliokatia nyama mbichi. Mlaji naye, na hapa tunasema na sisi wenyewe, asimharakishe mpishi. Ni mara ngapi tumepiga meza kwa vidole tukidai nyama itoke upesi? Haraka hiyo ndiyo huleta sahani yenye nyama iliyoungua nje na mbichi ndani.

Wenye hoteli na magenge wawape wafanyakazi wao maji na sabuni karibu na choo, na wawape ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara. Mfanyakazi atakayeonekana na tegu asifukuzwe kazi. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa, na ukimfukuza mmoja utawafundisha kumi kuficha. Hata hivyo matibabu yafanywe na mganga wa hospitali, kwa sababu mtu mwenye viluwiluwi katika ubongo akimeza dawa ya tegu bila kuangaliwa anaweza kudhurika. Na mwenye ndugu aangukaye kifafa ampeleke hospitali kwanza. Dawa za kuzuia kifafa zipo, na mgonjwa anaweza kuishi na kufanya kazi kama watu wengine.

Lipo jambo moja la mwisho. Tumesikia watu wakisema kwamba dawa ya haya yote ni kupiga marufuku ufugaji wa nguruwe mjini. Maneno hayo ni mepesi kinywani. Ukimnyang'anya mtu maskini nguruwe wake bila kumpa kitu kingine umemwongeza adui mmoja ili umpunguze mwingine. Tena marufuku haiondoi nguruwe. Inamwondoa machoni tu. Atafugwa mafichoni, atachinjwa mafichoni, na ataliwa hadharani. Huko Ulaya nchi nyingi zilimshinda tegu wa nguruwe bila kuacha kufuga. Zilimshinda kwa vyoo, kwa mazizi yaliyofungwa, na kwa nyama iliyokaguliwa. Hakuna siri nyingine.

Mlima Meru hutupa maji, udongo mwema na hali ya hewa ambayo wengi huionea wivu. Itakuwa aibu yetu, si ya mlima, ikiwa juu ya neema hiyo tutaacha mayai ya minyoo yatiririke pamoja na mvua kutoka zizini mpaka bustanini, na kutoka bustanini mpaka mezani. Mama yule wa mfano wetu hataki sadaka. Anataka, siku atakapomwongoza mnyama wake barabarani mchana kweupe kwenda kwa mkaguzi, awe na hakika kwamba hatarudi na kamba tupu. Tukimpa hakika hiyo, nguruwe atatoka gizani, na tegu atakosa mahali pa kujificha.